Wana-Kusini tujadili: bwawa la maji ya mjini ambalo watu wanavua samaki, wanaendesha baiskeli na ndege wanazaa humohumo. Kwetu Mtwara na Lindi haiwezekani?

Mwana wa Shangani (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa wote shikamooni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi nilienda masomoni Uingereza, mji wa Peterborough, upande wa mashariki. Sisi huku tunajua Uingereza yote ni mvua asubuhi mpaka usiku, kumbe ule upande ndio mkavu kuliko sehemu nyingi za nchi yao, watu wengi, na ardhi ni tambarare, hakuna milima ya kusema unaziba korongo moja maji yanajaa yenyewe. Walivyoona maji hayatoshi wakaenda kaunti moja ndogo jirani inaitwa Rutland, wakaziba bonde la mto Gwash pale kijiji cha Empingham. Kazi ikaanza 1971, ukuta ukakamilika 1975, ila bwawa lenyewe lilichukua miaka mpaka kujaa, 1979 hivi. Ndio hilo wanaliita Rutland Water.

Ukuta wake ni wa udongo jamani, sio zege. Urefu mita 1,200, kimo mpaka mita 35, na udongo wa mfinyanzi wameuchimba mlemle bondeni ambako sasa hivi ni chini ya maji. Uso wa maji ni kama kilomita za mraba 11, likijaa linabeba lita bilioni 124. Kwa eneo ndio kubwa kuliko yote England, kwa ujazo linapitwa na bwawa la Kielder peke yake.

Ila ukubwa sio ulionifanya nianzishe uzi. Ule mto Gwash ni kijito, ukiuachia wenyewe ujaze lile bonde utazeeka unasubiri. Maji mengi wanayapampu kutoka mito miwili mingine, Welland na Nene, yanapita kwenye mahandaki chini ya ardhi mpaka bwawani. Wanavuta mito ikiwa imejaa, hasa majira yao ya baridi, na kuna kiwango cha maji ambacho lazima kibaki mtoni hawaruhusiwi kukigusa. Kiangazi mito ikinywea watu mjini wanakunywa akiba.

Na wakati akiba inasubiri kunywewa inafanya kazi nyingine. Njia ya baiskeli na ya miguu kuzunguka bwawa kama kilomita 37, watu wanakodi mitumbwi kuvua trauti kwa leseni, kuna klabu ya mashua za tanga, kuna pwani ndogo ya kuogelea msimu wa joto, na upande wa magharibi wamewaachia ndege. Kwa ndege mpaka limeingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu muhimu duniani, ndege maji zaidi ya 20,000 wanakusanyika hapo majira ya baridi.

Swali langu sasa. Sisi mvua zinaanza Novemba Desemba mpaka Aprili, mito inafurika inabeba mpaka migomba inamwaga baharini, ikifika Septemba tunagombania ndoo. Kwann tusiwe na kitu kama hicho?

KoroshoGredi1

Siti ya mbele, kahawa ipo mkononi. Ngoja waje wajuzi.

Bingwa wa Povu

Mkuu kila anayeenda Ulaya anarudi na kitu, wengine wanarudi na jaketi wewe umerudi na bwawa 😂

Niseme ukweli. Mtaani kwangu maji yanatoka usiku wa manane, unaweka alamu unaamka kukinga, asubuhi bili inakuja kamili utadhani nilikuwa naogelea. Sasa mtu wa hivyo unamwambia habari ya njia ya baiskeli na ndege maji? Kwanza bomba, baadae ndege. Na tulishaambiwa mengi sisi, wakati wa gesi tuliambiwa Mtwara itakuwa Dubai. Mimi nikisikia mradi mkubwa Kusini nashika mfuko.

Mwana wa Shangani

Bingwa sikatai, ila hujasoma vizuri. Lile bwawa halikujengwa kwa ajili ya ndege, lilijengwa kwa ajili ya bomba. Wenye bwawa ni kampuni ya maji, Anglian Water. Ndege na baiskeli vimekuja kwa sababu maji yapo pale mwaka mzima na yanalindwa. Bila bomba hakuna hayo mengine.

Fundi Pampu Mstaafu

Nimesoma, marahaba wote mliosalimia.

Mimi maisha yangu yameishia kwenye pampu na mabomba ya mkoa huu, naomba niwape picha kabla hamjaanza kuchimba bwawa humu jukwaani.

La kwanza, mji wa Mtwara haunywi mto. Unakunywa visima, Mtawanya na wenzake. Kule juu Newala na Tandahimba mradi wa Makonde chanzo chake kikubwa ni visima vya Mitema, vimekaa chini bondeni maji yanapandishwa juu uwandani. Masasi na Nachingwea wao ni Mbwinji. Yaani Kusini maji yetu mengi yako chini ya ardhi, na hii haikutokea kwa bahati mbaya, ni kwa sababu ya mchanga. Uwanda wa Makonde juu ni mchanga na mawe ya mchanga, mvua ikinyesha inazama yote. Ndio maana unaweza kutembea juu kule mchana kutwa usivuke hata kijito, halafu ukishuka miteremkoni unakuta chemchemi zinatiririka, nenda Ndanda ukaone. Bwana Shangani wenzako walikalia mfinyanzi mnene, wakachimba palepale wakajengea ukuta. Ukiziba bonde lenye mchanga wa kwetu bila utafiti wa chini, utapampu maji ndani yanatokea kwa jirani.

La pili, jua. Hili watu hawalipigii hesabu. Chukua kilomita moja ya mraba ya maji, jua likinyanyua milimita moja tu ni lita milioni moja zimeondoka. Sasa tuseme jua letu linanyanyua milimita 5 kwa siku, weka bwawa la kilomita 11 kama hilo la Rutland, ni lita milioni 55 kwa siku zinapaa na hakuna aliyeoga. Kwa hiyo kwetu bwawa lazima liwe jembamba na lenye kina. Hao ndege wako wanataka maji mapana yenye kina kifupi. Hapo unaona ugomvi unapoanzia.

La tatu, umeme. Uniti moja ya umeme ukiwa na pampu nzuri inapandisha lita kama 2,500 kwa kimo cha mita 100. Sio zaidi. Anayetaka kuvuta mto apandishe kwenye bwawa halafu asukume tena mjini, alipe mara mbili.

Sisemi haiwezekani. Nasema hesabu ziwekwe mezani kwanza.

KoroshoGredi1

Mzee kashusha nondo hadi nimeiweka kahawa chini.

Binti Newala

Shikamoo mzee wangu fundi. Niongezee hapo kwenye uwanda.

Nyie watu wa pwani mnaona hili la kuweka akiba ya masika ni jambo la Uingereza, sisi tumezaliwa nalo. Nyumba nyingi kwetu zina kisima uani, sio kisima cha kuchimba ukakuta maji, ni shimo kubwa limejengwa kwa saruji, maji ya paa na ya sakafu ya nje yote yanaelekezwa humo mvua zikianza. Kikijaa kinafunikwa, kiangazi mnachota kidogo kidogo na mama ndiye mwenye funguo. Bibi zetu kabla ya hapo walikuwa wanashuka mteremko alfajiri na kupanda na maji kichwani jua limeshawaka. Bwawa la Rutland ni kisima cha uani cha mji mzima basi, na paa lake ni ile mito miwili.

Tofauti yake ni kwamba cha kwetu kimefunikwa kwa hiyo jua halikigusi, mzee hapo umesema kweli kabisa.

Mchele wa Kitere

Mimi nasoma tu hapa kimyakimya ila naona mtu ataandika Kitere sasa hivi maana kila mtu akitafuta maji anatuangalia sisi.

Naomba niulize kabla hamjanitia kwenye ramani. Hilo bonde walilolijaza maji, lilikuwa halina watu? Maana huku mabonde ndio mashamba, mpunga uko bondeni, minazi na miembe ya wazee iko bondeni, na makaburi yapo hapohapo. Mtu wa mjini anaona bonde tupu. Mkija na bwawa la lita mabilioni sisi mnatuweka wapi? Na fidia, tunazijua fidia, unahesabiwa mwembe ukiwa mdogo unalipwa ukiwa umeshakauka.

Mwana wa Shangani

Dada wa Kitere swali lako ndio lenyewe. Walikuwepo watu.

Kulikuwa na kijiji kinaitwa Nether Hambleton, kipo chini ya maji sasa, na kingine jirani yake Middle Hambleton kikaondoka nacho sehemu kubwa. Kilichobaki ni Upper Hambleton kwa vile kilikuwa juu ya kilima, na leo kile kilima ni rasi, maji yamekizunguka pande tatu. Watu wakapinga sana wakati ule, maana Rutland ni kaunti ndogo na sehemu ya ardhi yake nzuri ilikuwa inaenda kwa ajili ya maji ya miji ya watu wengine. Bunge likapitisha sheria 1970 na kazi ikaendelea.

Na kuna kanisa moja la mawe, Normanton, lilikuwa libomolewe kwa kuwa sakafu yake iko chini ya kimo cha maji. Watu wakachachamaa. Mwishowe nusu ya chini wakaijaza mawe na zege, wakanyanyua sakafu, wakalizungushia tuta na kijia cha kupita. Leo limesimama pembeni ya maji kama linaelea, watu wanafungia harusi humo. Ukitafuta picha ya Rutland Water mtandaoni ya kwanza kuja ni hilo kanisa.

Kwa hiyo jengo lilipona, kijiji hakikupona. Sikwambii hii kukutuliza.

Mchele wa Kitere

Angalau umejibu bila kuzunguka. Wengine wakija vikao vya kijiji wanatuonyesha michoro ya rangi tu.

Bingwa wa Povu

Kanisa limepata watetezi watu hawakupata. Haya endeleeni.

Nesi wa Zamani

Wanangu mnazungumza kuogelea bwawani kwa raha sana. Mnakijua kichocho nyinyi?

Nimehudumu Lindi na Mtwara, watoto wanakojoa damu na wazazi wanaona jambo la kawaida la ukuaji. Maji yaliyotulia, yana majani pembeni, konokono wanakaa hapo, mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vikikua vinatoka vinapenya ngozi ya anayeoga. Mzunguko ndio huo. Ukiweka bwawa jipya bila choo na bila kusafisha kingo umejenga kiwanda cha kichocho. Mbu nao sizungumzii. Wazungu kule hawana konokono wa kichocho cha binadamu ndio maana wanajitosa tu.

Sipingi bwawa. Ila pwani ya kuogelea iwe upande mmoja, kingo zisiwe na majani, pasiwe na kina kifupi cha kutulia, choo kiwepo karibu, na dawa za kichocho, praziquantel, shuleni zisikatike. Na mamba je? Mtu avute maji ya Ruvuma asahau wenye mto?

Mwana wa Shangani

Mama shikamoo. Mamba kule hawana ila maji yao nayo yana yao. Mwaka 1989 Rutland Water ilifanya kijani, mwani wa sumu ulichanua, kondoo na mbwa waliokunywa pembeni wakafa. Sababu ni fosforasi, inatoka kwenye mbolea za mashambani na majitaka ya miji ya upande wa juu wa mito, ikipampiwa bwawani pamoja na maji inakaa humo jua likiwaka mwani unakula. Walichofanya baada ya hapo ni kutia madini ya chuma kwenye maji, yanakamata fosforasi yanazama nayo chini. Yaani kupampu kutoka mto wa watu wengine maana yake unapampu na uchafu wao.

KoroshoGredi1

Hapo mimi nahusika. Huku msimu wa kupulizia salfa kila shamba ni vumbi la njano, Juni mpaka Septemba unapumua salfa unakula salfa. Bwawa likiwa katikati ya mikorosho si ndio tumekwisha?

Fundi Pampu Mstaafu

Salfa sio fosforasi kijana, mwani hautachanua kwa ajili ya salfa yako. Cha kuogopa ni zile dawa za maji za kuua wadudu na ukungu ambazo watu wakishapulizia wanasafisha bomba la dawa mtoni. Na tope. Tope ndio muuaji wa mabwawa ya nchi hii. Mindu kule Morogoro lilijengwa kwa ajili ya maji ya mji, watu wakalima mpaka kingoni, mchanga wa milimani ukaingia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye chanzo usifanye shughuli, lakini mita 60 za kwenye karatasi na mita 60 za kwenye bonde la mpunga ni vitu viwili.

Hapo ndipo naanza kuupenda mfumo wa mleta uzi. Bwawa likikaa juu ya mto wenyewe, mafuriko ya kwanza ya Desemba yote yanaingia na tope lake utake usitake. Bwawa likikaa pembeni, mwenye pampu ndiye anaamua. Wiki maji ni uji mwekundu unazima. Yakitulia unawasha.

Mtu wa Mitwero

Watu wa Lindi tumekuja. Hodi.

Mleta uzi umesahau kitu kikubwa cha hilo bwawa au hukijui? Mwaka 2021 wamepunguza maji kwenye dimbwi mojawapo la ndege kwa ajili ya ukarabati, mfanyakazi wa hifadhi akaona kitu kimetokeza kwenye tope akadhani ni bomba la udongo. Kumbe uti wa mgongo. Wakachimba wakatoa mnyama mzima wa baharini wa kale, ichthyosaur, urefu kama mita 10, umri miaka milioni 180 hivi. Mzima na fuvu lake. Kwa mijusi ya aina hiyo ndio mkubwa na kamili kuliko wote walioonekana Uingereza.

Sasa nyie mnafurahia mjusi wa Rutland, sisi Lindi tuna Tendaguru. Wajerumani 1909 mpaka 1913 wamechimba pale kilimani, wapagazi wetu wamebeba mifupa ya dinosaria kichwani kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa. Ule mkubwa umesimama jumba la makumbusho Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Wa Rutland umechimbwa na umeandikwa kwa jina la Rutland, wetu uko Berlin na ukiuliza vijana wa Lindi mjini Tendaguru iko wapi wanakwambia barabara ya wapi hiyo.

Nimetoka nje ya mada nisameheni ila imeniuma.

Bingwa wa Povu

Hapana, leo umeingia ndani ya mada kuliko wote. Utalii wa kuzunguka maji una maana kama mtu ana cha kuona. Mtu aje aone bwawa, alale, kesho apelekwe Tendaguru, keshokutwa Mikindani. Hiyo naielewa. Ila bado bomba kwanza.

Dada wa Rutamba

Jamani kabla hamjajenga mabwawa mapya, yale yaliyopo mmeshayaona? Ziwa Rutamba lipo hapa Lindi, msitu wa hifadhi wa Litipo uko ubavuni, ukienda asubuhi ndege wanakupigia kelele mpaka unasahau simu. Hakuna kibanda, hakuna kibao cha kueleza chochote, hakuna hata kijana wa kukuongoza anayelipwa. Wavuvi wanavua wanaondoka.

Ninachotaka kujua kwa mleta uzi ni hawa ndege wa huko wanalindwa na nani. Kampuni ya maji inajua nini kuhusu ndege?

Mwana wa Shangani

Swali zuri sana dada. Haijui, ndio maana haijifanyi inajua. Kampuni ya maji ina bwawa, ila hifadhi ya ndege inaendeshwa na taasisi ya uhifadhi ya kaunti zile mbili, Leicestershire and Rutland Wildlife Trust, wana wafanyakazi wao na watu wa kujitolea kibao, wazee wastaafu wenye darubini na chupa za chai.

Hadithi ninayoipenda ni ya osprey. Huyu ni ndege wa jamii ya tai anayekula samaki tu, anajirusha miguu mbele anatoka na samaki mzima. England alikuwa ameisha kabisa kwa kuzaa, miaka kama 150 hakuna kiota. Kuanzia 1996 wakachukua makinda kutoka Scotland wakawalea pale Rutland Water wakawaachia. Subira hiyo. Ndege anaruka anaenda zake Afrika Magharibi, Senegali na Gambia huko, kilomita 4,800 na zaidi, anakaa miaka ndipo anarudi kuzaa. Kinda la kwanza likatoka 2001. Sasa watu wanalipa kuingia kwenye kibanda cha mbao kuangalia kiota kwa mbali, kimya kama msikitini.

Na ule ugomvi alioutaja mzee, kwamba ndege wanataka maji mafupi na mji unataka maji marefu, wao nao waliupata. Mji ukivuta maji, kingo zinakauka, ndege wanabaki kwenye tope. Wakajenga matuta upande wa magharibi wakatenga madimbwi ambayo maji yake yanapandishwa na kushushwa peke yake, bwawa kubwa lipungue lisipungue. Baadae walivyoamua kuvuta maji mengi zaidi wakalazimika kwanza kuchimba madimbwi mengine ya kufidia. Ndege walilipwa fidia kabla ya kuhamishwa, dada wa Kitere usikasirike.

Mchele wa Kitere

Nimecheka lakini nimekasirika pia. Ndege kalipwa kabla.

Binti Newala

😂😂 dada pole.

Lakini hapo kwenye madimbwi ya pembeni mimi naona ndio pa kuanzia huku kwetu. Dimbwi la ndege sio lazima liwe la kuangalia tu, mpunga nao ni maji mafupi. Wakulima wa bondeni wakapata maji ya uhakika kiangazi kutoka kwenye bwawa lenye kina, na ndege wanashuka kwenye mpunga kama wanavyoshuka sasa.

Mchele wa Kitere

Wakishuka kwenye mpunga tunawafukuza mdogo wangu, watoto wanashinda na makopo wanapiga kelele. Kwelea kwelea hana utalii. Korongo na yangeyange sawa, wale wanakula vyura.

Fundi Pampu Mstaafu

Nirudi nifunge hesabu yangu maana naona mnakwenda vizuri.

Habari ya kuleta maji ya Ruvuma Mtwara imezungumzwa tangu nina nywele nyeusi. Ruvuma ni mpaka, ng'ambo ni Msumbiji, huwezi kuuziba peke yako ukalala usingizi, hilo ni suala la nchi mbili. Lakini kuvuta sehemu ya maji ya masika ukayaweka pembeni upande wako ni mazungumzo mepesi zaidi kuliko ukuta, hasa ukiwa na kile kiwango cha kubakisha mtoni alichokisema Shangani. Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini makao yake yapo hapahapa Mtwara, vibali vya kutumia maji vinapita kwao, hatuhitaji kwenda Dodoma kuuliza mto una maji kiasi gani Februari na kiasi gani Oktoba.

Umeme, gesi tunayo Mnazi Bay na mitambo ipo. Masika yenyewe ndio wakati wa kupampu, na unaweza kupampu usiku watu wamelala.

Mahali. Msitafute mchanga wa uwandani. Tafuteni bonde lenye mfinyanzi, na mfinyanzi haujulikani kwa macho, unajulikana kwa kutoboa. Matobo kwanza, siasa baadae. Pakikosekana, unatandika mfinyanzi wa kuletwa au unatandika nailoni nzito chini, na hapo bei inapanda na bwawa linakuwa dogo. Dogo lenye kina, hata la kilomita moja ya mraba lenye wastani wa mita 10, hilo ni lita bilioni 10. Jua likichukua milimita 5 kwa siku kwa miezi sita ya kiangazi linakula kama mita moja kasoro ya kimo. Mita tisa zinabaki. Hiyo hesabu naikubali.

Na visima msiviache. Bwawa ni la kupumzisha visima. Sisi pwani ukivuta kisima kupita kiasi chumvi inapanda, na chumvi ikishaingia haitoki kwa kikao.

KoroshoGredi1

Mita moja kasoro tu? Nilidhani jua litalimaliza lote.

Fundi Pampu Mstaafu

Siku 180 mara milimita 5 ni milimita 900. Sentimita 90. Bwawa la kina cha mita mbili ungepoteza karibu nusu, la mita kumi hupotezi hata moja ya kumi. Ndio maana ya kina.

Bingwa wa Povu

Sawa mzee nimekuelewa, na nikuelewe ni kazi. Langu moja limebaki. Kule Rutland anayeegesha gari analipa, mvuvi analipa leseni, wa baiskeli anakodi. Hizo hela zinaenda wapi? Maana hapa kwetu tukijenga kibanda cha tiketi wa kwanza kununua gari ni mkata tiketi.

Mwana wa Shangani

Zinaenda kwa wanaoendesha eneo, wa uvuvi kivyake wa hifadhi kivyake. Hazijengi bwawa, bwawa linalipwa na bili za maji. Hela za wageni ni za kufagia njia, kulipa walinzi na kurekebisha vibanda. Ukitegemea tiketi za wageni zilipe pampu umefeli kabla ya kuanza.

Mchele wa Kitere

Basi kwenye bwawa lenu mimi nataka vitu viwili viandikwe mwanzo kabisa. Kijiji kitakachotoa ardhi kiwe na bomba siku ileile mjini maji yakifika, sio miaka kumi baadae tunaangalia bomba linapita kwetu likielekea Shangani mjini. Na uvuvi na vyombo vya kukodisha viwe vya kikundi cha kijiji, mtu wa nje asipewe tenda.

Nesi wa Zamani

Na vyoo. Andika vyoo.

Mchele wa Kitere

Na vyoo mama.

Dada wa Rutamba

Mimi Jumamosi hii nipo Rutamba na darubini ya kuazima, sehemu kubwa ya wiki maji yametulia. Anayetoka Lindi mjini tupande gari moja tugawane mafuta. Mtu wa Mitwero unakuja au unabaki kulilia mjusi?

Mtu wa Mitwero

Nakuja. Ila mimi sijui ndege hata mmoja zaidi ya kunguru, na huyo namjua kwa sababu aliniibia dagaa.

Bingwa wa Povu

Picha mlete humuhumu. Na mkirudi kama mtaani kwangu maji yametoka mniambie, mimi nitakuwa nimelala.